Bunduki Haikujisalimisha

Gideon Swanevelder,
Nyumba ya kona, Mtaa wa Kanisa,
Driekuil, Free State.

23 Aprili 2019

Mwenyekiti,
Chama cha Wakusanyaji wa Bunduki za Kale,
Tawi la Driekuil.

Mheshimiwa Mwenyekiti (na kwa ruhusa yako, Oom Sarel, mjomba wetu sote),

YAH: KUONDOLEWA MBELE YA MSAFARA BILA KOSA LANGU WALA LA BUNDUKI

Natumaini barua hii inakukuta salama, pamoja na goti lako la kushoto. Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni ni habari nyingine, nayo ndiyo iliyonifanya nikae mezani tangu asubuhi nikiandika kwa kalamu ya wino, maana jambo hili halistahili simu.

Nimepokea barua ya kamati inayosema kwamba ifikapo tarehe 30 Aprili kila mwanachama anayetaka kutangulia msafara wa kumbukumbu wa tarehe 31 Mei awe amewasilisha hati kutoka Nyumba ya Nyaraka, ikithibitisha kwamba mzee wake alipigana na Mwingereza hadi siku ya mwisho ya vita vya Maburu, mwaka 1902. Barua inaendelea kusema kwamba hadi sasa ni mwanachama mmoja tu aliyewasilisha hati hiyo, naye ni Bi. Mmathabo Tsotetsi, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari, aliyejiunga nasi mwaka jana akiwa na bunduki moja. Asipotokea mwingine, yeye ndiye atakayetangulia.

Oom Sarel, mimi nimetangulia msafara huo miaka thelathini na moja. Nimetembea mbele yenu kutoka kanisani hadi mnarani nikiwa nimebeba bunduki ya Mauser ya Babu Hendrik Lategan, babu yake mama yangu mzazi, yenye jina lake kwenye kitako, alilolichonga kwa mkono wake kama walivyofanya wote. Nimetembea kwenye barafu ya alfajiri. Nimetembea na mafua. Mwaka 2003 nilitembea na jiwe la figo, na Tannie Bets, shangazi yetu na katibu wetu, akaandika kwenye kumbukumbu za chama kwamba uso wangu ulikuwa na majonzi yanayofaa.

Sikuoa, kama unavyojua. Nyumba yangu ina makabati sita ya chuma na bunduki kumi na nne, na wanawake wachache waliowahi kuja kunywa kahawa walihesabu makabati kwanza. Sisemi haya nionewe huruma. Nasema ili kamati ifahamu kwamba mtu mwingine akiondolewa mbele ya msafara anarudi nyumbani kwa watoto. Mimi narudi kwa mafuta ya kupangusia mitutu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naleta malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Kuhusu kanuni yenyewe. Nakiri kwamba kanuni ya hati niliipendekeza mimi, kwenye mkutano wa Januari. Niliipendekeza kwa nia njema kabisa ya kumuumbua Fanie Kritzinger, ambaye kila mwaka baada ya soseji na bia ya pili huanza kusema kwamba babu yake alimtoroka Mwingereza mara nne. Wote mlinyoosha mikono kuunga mkono, na Kritzinger mwenyewe alinyoosha. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Sawa. Lakini hawakusema kwamba aliyeingia anyimwe ngazi.

2. Kuhusu namna nilivyopata habari. Hili linaniuma kuliko yote. Bi. Tsotetsi alikwenda Nyumba ya Nyaraka kutafuta karatasi za baba wa babu yake, marehemu Seboka. Kwenye daftari la Mwingereza lililokuwa rafu hiyohiyo akamkuta mzee wangu. Angeweza kulitangaza kwenye mkutano. Angeweza kulibandika kwenye ubao wa duka la wakulima. Badala yake alikuja kwangu Jumamosi mchana, akakataa kiti, akanipa nakala ndani ya bahasha na kusema, "Oom Gideon, samahani. Nimeona hili ungependa kuliona wewe kwanza. Sijamwonyesha mtu, wala sina haraka nalo." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nauliza kamati: mtu atamkasirikia vipi mtu wa namna hiyo? Nimejaribu majuma mawili. Naona nimefanyiwa ubaya kwa njia ya ustaarabu, na katiba ya chama haina kifungu cha kunilinda.

3. Kuhusu siri. Nilimwambia Tannie Bets peke yake, tena nikiwa kwenye foleni ya posta, tena kwa sauti ya chini. Kufikia jioni Kritzinger aliniona kwenye kituo cha petroli na kupaza sauti, "Gideon! Mikono yako haichoki kukaa juu?" Na vijana wa petroli, ambao nimewapa bahashishi ya Krismasi miaka yote, wakacheka hadi mmoja akamwaga mafuta. Huna haja ya kuelezwa, Oom Sarel, kwamba hapa kwetu unaweza kumwita mtu mwizi wa kondoo akakusamehe, lakini ukimwita mzao wa "mikono juu", yaani wa aliyejisalimisha kwa Mwingereza, umemtukana hadi kwenye kaburi la bibi yake. Jumapili iliyofuata mchungaji aliinua mikono kutubariki, na benchi zima la akina Kritzinger likageuka kunitazama. Sikuupokea ule mbaraka. Naamini bado uko kanisani.

4. Kuhusu daftari. Sasa naliandika wazi, kwa kuwa hata mbwa wa mtaani wameshalijua. Daftari la Mwingereza la watu walioweka silaha chini linasema hivi: "4 Juni 1900. Lategan, H., umri 27, mkulima. Mauser moja, hali: mpya. Risasi alizopewa: 150. Alizorudisha: 150."

Naomba kamati isikimbilie kuhukumu. Kwanza, kati ya 1900 na 1902 kuna tofauti ya tarakimu moja tu, na karani Mwingereza alikuwa na baridi. Pili, hata kama tarehe ni sahihi, tazameni zile risasi. Nionyesheni mpiganaji mwingine katika Free State nzima aliyekabidhiwa mali ya umma akairudisha yote bila kupungua hata moja. Leo tunalia kwamba manispaa inakula mabomba ya maji. Babu Hendrik hakula hata risasi.

5. Kuhusu neno "mwisho". Kanuni inasema mzee awe alipigana hadi mwisho. Haisemi mwisho wa nani. Babu Hendrik alipigana hadi mwisho wake. Kwamba mwisho wake ulifika mapema kuliko wa wenzake si jambo la kumlaumu, maana hata kwenye mazishi hatumlaumu aliyetangulia. Kuteleza si kuanguka, na heri nusu shari kuliko shari kamili.

6. Kuhusu usafi. Tangu habari zienee, wanachama wamekuwa wakiitazama Mauser yangu kwa jicho baya kwa sababu ni safi. Wanasema ndani ya mtutu mistari ni kama imechongwa jana. Kritzinger alitazama humo kwa tochi na kusema, "Aisee, humu hata inzi hajawahi kupita, sembuse risasi." Nakumbusha kwamba chama hiki kina Kombe la Bunduki Iliyotunzwa Kuliko Zote. Kwa miaka thelathini tumekuwa tukimpa kombe mtu ambaye bunduki yake haina mkwaruzo, haina kutu, haina mtutu ulioliwa na baruti. Tulipiga makofi na kula keki ya maziwa. Hakuna hata mmoja wetu, wala mimi, aliyejiuliza bunduki inakaaje vitani karibu miaka mitatu, kwenye mvua na mavumbi, ikatoka kama imetoka dukani. Wewe mwenyewe, Oom Sarel, umelichukua kombe hilo mara tisa. Hongera.

7. Kuhusu alama kumi na moja. Imesemwa kwamba alama kumi na moja kwenye kitako, moja kwa kila Mwingereza aliyeangushwa, ni mpya. Ni kweli. Niliichonga ya kwanza mwaka 1988, na nyingine zilifuata kadiri kumbukumbu ya ukoo ilivyokuwa ikiimarika. Nilipoinunua bunduki kutoka Uingereza ilikuwa na jina tu. Sasa masimulizi ya familia yanasema Waingereza kumi na mmoja, na kitako kinasema sifuri. Ningeacha kitako kimwaibishe mzee? Nilitumia kisu cha enzi zilezile, na nilichonga nikiwa nimevua kofia. Zaidi ya hayo alama hizo zilininyima kombe mwaka uliofuata kwa kigezo cha "kuharibu mbao", kwa hiyo adhabu nimeshatumikia.

8. Kuhusu bunduki ya Bi. Tsotetsi. Mimi ndiye mkaguzi wa tawi, na niliikagua kwenye gereji yangu kama kawaida. Naripoti kwa uaminifu. Ni Martini ya zamani, ya kupakia risasi moja moja, silaha ambayo mabwana waliwaachia watumishi wao walipopata Mauser. Kitako kilivunjika kikafungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe, ambayo imekauka ikawa ngumu kama chuma. Kilengeo cha mbele hakipo, kimewekwa kipande cha msumari. Mtutu umeliwa. Upande mmoja wa kitako, pale shavu linapokaa, mbao imelainika kwa jasho la mtu na ina bonde dogo. Niliweka shavu langu pale. Lilikaa.

Nimekusanya bunduki za vita vile miaka thelathini na saba, na sijawahi kushika bunduki iliyopigana. Nilitokwa machozi kidogo, kwa sababu za kitaalamu. Bi. Tsotetsi akanipa kitambaa. Kwa vigezo vyetu vya kombe nimeipa alama nne kati ya mia.

9. Kuhusu Seboka. Hapa naomba kamati ikae vizuri kwenye viti. Seboka Tsotetsi hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa mshika farasi wa Babu Hendrik. Ndiye aliyemtunzia farasi, akampikia kahawa na kumbebea hiyo Mauser kwenye safari ndefu. Siku ya tarehe 4 Juni 1900 Babu alipopanda kwenda kuweka silaha chini, alimwacha Seboka kwenye kijito na farasi wa pili na ile Martini, akamwambia amsubiri. Seboka alisubiri siku mbili. Kisha akapanda farasi, akaenda kuwatafuta wapiganaji waliobaki, akapigana nao hadi tarehe 31 Mei 1902. Ipo barua ya kamanda, yenye sahihi yake, inayomshukuru "Seboka, mtu wa Lategan", kwa kutomwacha majeruhi hata mmoja.

Someni vizuri hapo. Mtu wa Lategan. Kwa hiyo nadai, kwa mantiki ya kawaida, kwamba bwana wa Seboka alikuwepo vitani hadi mwisho kwa njia ya Seboka, kama vile Oom Sarel anavyosema "nimelima ekari mia mbili" wakati sote tunajua amekaa kwenye kiti cha kamba na trekta linaendeshwa na mfanyakazi wake Tankiso. Kama Oom Sarel amelima, Babu Hendrik amepigana. Kama Babu Hendrik hakupigana, basi naomba mahindi yale yaandikwe jina la Tankiso.

(Nimeirudia hoja hii mara tatu usiku kabla ya kulala, na kila mara naona inazidi kuwa nzuri kwa Tankiso kuliko kwangu. Hata hivyo naiacha.)

10. Kuhusu bunduki kama mpiganaji. Hii ndiyo hoja yangu kuu, na ningeomba isomwe kwa sauti. Babu Hendrik alijisalimisha. Bunduki haikujisalimisha. Bunduki ilisalimishwa. Haikuulizwa, haikula kiapo, haikutia sahihi. Ilichukuliwa mateka na askari wa Mwingereza, ikasafirishwa hadi kwao, ikatundikwa juu ya jiko la kuotea moto kwenye nyumba ya ugenini miaka themanini na saba. Na kwa miaka yote hiyo, pamoja na vita viwili vikubwa vya dunia, haikumpigia Mwingereza risasi hata moja. Nani kati ya mashujaa wetu alishikilia msimamo miaka themanini na saba? Mateka waliopelekwa kifungoni visiwani walirudi baada ya miaka miwili, wengine wakiwa wanajua kriketi. Kwa hiyo kama tunamtafuta aliyeshikilia hadi mwisho, anayestahili kutangulia ni Mauser yenyewe, na mimi ni mbebaji tu.

11. Kuhusu wengine. Sikutaka kufika hapa. Lakini baada ya kupewa nakala ile nilikwenda mwenyewe Nyumba ya Nyaraka, nikavaa glavu nyeupe na kusoma daftari lote. Chama chetu kina familia ishirini na mbili za waanzilishi. Kumi na tisa zimo. Babu yake Kritzinger, yule aliyemtoroka Mwingereza mara nne, alijisalimisha siku mbili kabla ya wangu, na karani ameandika kwamba alifika kabla ofisi haijafunguliwa. Babu yako wewe, Oom Sarel, alikabidhi Mauser moja, hali: mpya, na pembeni karani ameongeza: "Alikaribishwa chai. Alikunywa." Hilo la chai nimelificha hadi leo. Kati ya familia tatu zilizobaki, mmoja alikufa kwa homa ya matumbo kabla ya kufika vitani, mmoja alikamatwa akiwa amelala, na wa tatu ukoo wake umehamia Perth, Australia.

Simtishi mtu. Naeleza tu kwa nini nadhani mpaka leo kamati imepokea hati moja.

Kutokana na malalamiko hayo, naomba kwa unyenyekevu kamati iamue yafuatayo:

(a) Itamkwe kwamba katika kata ya Driekuil vita viliisha tarehe 4 Juni 1900, na kwamba yaliyoendelea baadaye yalikuwa shughuli za watu binafsi.

(b) Siku ya kumbukumbu ihamishwe kutoka 31 Mei hadi 4 Juni. Akina mama watapata siku nne zaidi za kukaanga maandazi.

(c) Iandikwe barua kwa serikali ya Uingereza kuitaka iombe radhi kwa kupokea silaha za watu kirahisi mno, bila kuwabembeleza kwanza waendelee.

(d) Au, ikiwa hayo yote ni mazito, Bi. Tsotetsi aombwe kwa upole atembee wa pili, mwaka huu tu. Mwaka mmoja, Oom Sarel.

Nieleze sababu ya huo mwaka mmoja, na hapa naacha utani kama kulikuwa na utani. Mama yangu ana miaka tisini na mmoja. Yeye ndiye aliyekaa kwenye magoti ya Babu Hendrik. Kila tarehe 31 Mei, tangu mwaka 1988, huvaa koti lake la kijivu, hupelekwa na gari la nyumba ya wazee na kukaa mstari wa mbele na blanketi mapajani, kwenye baridi ambayo mwaka jana iligandisha maji ya ubatizo. Nikipita na bunduki ananitikisia kichwa, nami ninapotikisiwa kile kichwa najiona kwamba nami ni mtu. Daktari amesema tusihesabu sana majira mengine ya baridi. Sijamwambia kuhusu daftari. Naogopa. Nimekaa mbele yake Jumapili mbili nikichovya biskuti kwenye kahawa mpaka inameguka na kuzama. Nitamwambiaje mama wa miaka tisini na mmoja kwamba mtu aliyempenda kuliko wote aliirudisha hata risasi ya mia na hamsini? Akimwona mwingine mbele ya msafara atauliza. Na akiuliza nitasema nini?

Ndiyo maana nimeandika. Hayo mengine yote, pamoja na Tankiso, ni ya kusindikizia.

Msalimie Tannie Hester na umwambie siki ya kitunguu aliyonipa kwa kifua imenisaidia kidogo. Wasalimie wajumbe wote wa kamati, Tannie Bets (ambaye namsamehe, ila asiombwe kusoma barua hii kwa watu kabla haijafika kamatini), mchungaji, Tankiso, na hata Kritzinger ukimkuta ameshiba. Bi. Tsotetsi sina haja ya kumtumia salamu, tutaonana Alhamisi, anakuja kunionyesha namna ngozi ile ilivyofungwa.

Nabaki, kwa mafuta na kitambaa mkononi, mtunzaji mwenzako wa vyuma vya marehemu,

Gideon S. Swanevelder,
Mkaguzi wa Tawi.

N.B. Barua ilikuwa tayari nikaipitisha nyumba ya wazee nikiwa njiani kwenda posta. Niliona ni bora nimwambie Mama mwenyewe kabla ya Tannie Bets. Nilimsomea yote, hoja kwa hoja. Alisikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani nimemuua.

Kisha akacheka. Alicheka hadi muuguzi akaja. Nanukuu maneno yake kadiri nilivyoyashika:

"Gideon, mwanangu, we! Babu hakuwahi kumficha mtu jambo hilo. Kila Krismasi alikuwa anatusimulia: niliogopa, nikampa Mwingereza bunduki yangu, nikarudi kukamua ng'ombe. Na akisema hivyo anaongeza, kwa mwoga huenda kicheko, nanyi nyote mko hapa mnacheka. Hiyo habari ya Waingereza kumi na mmoja ni yako wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Yule Fanie wa akina Kritzinger alikuwa amekutania shuleni, ukarudi umelia, ukajifungia chumbani. Ulipotoka ukatuambia mezani, Babu aliua kumi na mmoja. Baba yako alitaka kukusahihisha, nikamkanyaga mguu. Nikasema atakua, ataacha. Hukuacha. Kisha ukanunua bunduki, nikasema basi tena."

Nikamuuliza, sasa Mama, miaka thelathini na moja yote umekaa kwenye baridi ile kwa ajili ya nini, kama ulijua?

Akanitazama kama anavyomtazama mtu aliyeuliza kama jua litachwa. "Hukuwa na mke, hukuwa na mtoto. Nani mwingine angekuja kukutazama?"

Oom Sarel, nilikaa kitako pale sakafuni, na suruali yangu ya kanisani.

Baadaye akaniuliza habari za huyo mwalimu wa hesabu, kama mzee wake ndiye yule Seboka. Anasema jina lile analijua, Babu alikuwa akilitaja peke yake kwenye roshani, mara nyingi, na hakuwa anacheka. Anataka kumwona akipita. Kisha akashika mkono wangu akasema hajawahi kuutazama msafara ule akiwa na mtu wa kuzungumza naye, na je, mwaka huu, kwa kuwa sitakuwa na cha kubeba, nitaweza kukaa karibu naye?

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi kumi na moja nayaondoa, pamoja na maombi (a) hadi (d). Barua naituma hivyohivyo kwa sababu stempu imeshabandikwa. Naomba Tannie Bets atuwekee viti viwili mstari wa mbele, na kama lipo, blanketi la pili.